Damu Ilipona, Mishipa Haikupona

Zamani palikuwa na namna ya upungufu wa damu isiyosikia dawa. Thomas Addison, tabibu wa London, aliieleza mwaka wa 1849. Mgonjwa alipauka, akatweta kwa hatua chache, moyo ukamwenda mbio, na mwishowe akafa.

Mnamo mwaka wa 1926 George Minot na William Murphy wa Boston, Marekani, walitangaza kwamba wagonjwa waliolishwa maini kwa wingi kila siku walipata nafuu. Kwa kazi hiyo walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1934, pamoja na George Whipple. Lakini ni kitu gani ndani ya maini kilichoponya? Hakuna aliyejua.

Mwaka wa 1945 asidi ya foliki, vitamini ipatikanayo katika mboga za majani, ilianza kujaribiwa. Damu ikaongezeka, watu wakafurahi. Kumbe adui hajaondoka! Baadhi ya wagonjwa, damu yao ikiwa njema, walianza kufa ganzi miguuni na kuyumba wakitembea, kwa kuwa mishipa yao ya fahamu ilikuwa ikiharibika. Walichokikosa hasa ni vitamini B12, ambayo matumbo yao hayakuweza kuifyonza kutoka katika chakula. Vitamini hiyo ilitengwa mwaka wa 1948, ikawa tiba ya damu na ya mishipa pia.

Basi matabibu walijifunza kutafuta chanzo kabla ya kushangilia nafuu; maana damu hurudi upesi, bali mshipa ulioharibika muda mrefu huenda usipone kabisa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.