Wapagazi wa Heme Waliokutwa na Mzigo Mwingine

Mwaka 1929 Hans Fischer wa Munich alifaulu kuunda hemini, aina ya heme, maabarani, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Umbo la heme, ile pete yenye chuma katikati inayoipa damu wekundu wake, likawa limejulikana. Kilichobaki kuwaumiza watu vichwa ni safari zake.

Hatua ya mwisho ya kutengeneza heme hufanyika ndani ya mitokondria, ilhali wanaoihitaji wametapakaa seli nzima. Ikiachwa huru hujipenyeza kwenye mafuta ya utando na kuuharibu. Lazima ibebwe, na mbebaji hafanyi kazi bure.

Bakteria ndio waliofichua siri mapema. Mwaka 1992 Stojiljkovic na Hantke, huko Tübingen, Ujerumani, walieleza jinsi Yersinia enterocolitica inavyojinyakulia heme. Kwenye utando wake wa nje hakuna ATP, kemikali ya nishati ya seli, ya kuchoma, hivyo nguvu huazimwa kwenye utando wa ndani: protoni zilizorundikana nje yake hurudi ndani kwa kasi, na protini ya TonB huufikisha msukumo huo kwenye lango la nje. Ng'ambo ya lango hilo, heme hupokewa na pampu inayochoma ATP.

Kwa binadamu mambo yalienda kombo. Mwaka 2005 watafiti wa London walitangaza kwamba wamempata mpagazi wa heme kwenye utumbo, wakamwita HCP1. Habari ilinoga, maana chuma cha nyama hufyonzwa vizuri kuliko cha mchicha na sababu ilikuwa ikitafutwa. Mwaka 2006 kikundi cha New York, kikichunguza familia yenye ugonjwa wa kurithi wa kutofyonza foleti, kikakuta jeni iliyoharibika ni ileile ya HCP1. Kumbe mzigo wake mkuu ni foleti, vitamini ambayo wajawazito hupewa kliniki pamoja na chuma, na huisukuma kwa protoni za utumbo wenye asidi.

Kisa cha protini ya FLVCR kilianza kwa paka. Virusi vya lukemia ya paka vya kundi C huingia kwenye seli kupitia protini hiyo, na paka huacha kuzalisha chembe nyekundu za damu. Mwaka 2004 kundi la Janis Abkowitz, Seattle, likasema FLVCR hutoa heme nje ya seli, na vitabu vikanukuu. Kufikia 2024 maabara kadhaa zilikuwa zimeonyesha kwamba hubeba kolini, kirutubisho kingine. Siwacheki watu wa Seattle: paka walikosa damu kweli, na heme hunata kwenye karibu kila chombo, hivyo kupima kiasi kilichovuka utando ni kazi ya kuchosha.

Mara nyingine kosa hugeuka upande wa pili. Pampu ya CydDC ya bakteria E. coli ilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa inatoa molekuli ndogo za sisteini na glutathioni. Mwaka 2023 watafiti walioichunguza kwa hadubini ya elektroni waliikuta imeshika heme, ikiihamisha kwa kuchoma ATP.