Gitaa Hili Ni la Nani?

Ndugu msomaji, vuta kigoda tuzungumze habari ya gitaa moja bovu. Lina nyuzi mbili tu, tumbo limepasuka, na miaka yote niliyokua pale Mtumba lilikuwa likining'inia ukutani kwa baba mkubwa, limefunikwa kipande cha kanga. Kuligusa ilikuwa marufuku. Vijana walikuja kuliazima la harusi, akawakatalia. Kwaya ilikuja, nayo ikarudi mikono mitupu. Mtaani wakamwita bahili, na sisi watoto wa nyumba ile tuliona jina limemkaa sawasawa.

Alipofariki, baada ya matanga ukoo ulikaa kugawana vitu vya marehemu. Kaka yangu, mwanawe mkubwa, akasema gitaa liuzwe, maana siku hizi wako watu wa mjini wanaopenda vitu vya kale. Ndipo mzee mmoja mgeni, aliyekuwa ametulia kimya chini ya mbuyu, akainuka.

"Mbukwenyi. Poleni tena na msiba. Gitaa haliuzwi, wanangu. Hilo si la marehemu. Ni la klabu."

Watu wakacheka. Kwetu ukisema kilabu, mtu anafikiria pale panapouzwa pombe ya mtama! Kaka yeye hakucheka. Aliuliza swali ambalo Mtumba ya leo kila mtu analiuliza. Tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa hapa Aprili 2019, mashamba ya mtama na uwele yakageuka viwanja vya wizara, hakuna tena anayeamini maneno matupu.

"Karatasi iko wapi, mzee?"

Mzee akatia mkono kwenye mfuko wa rambo, akatoa daftari.

Daftari lile ndilo lililonifanya niitafute historia hii, maana shuleni sikufundishwa. Nilijua wapiga magitaa wakubwa kwa majina. Sikujua kwamba nyuma ya jina moja walikuwako watu thelathini wanaolipa ada.

Gitaa liliingia bara kwa njia nyingi, lakini njia iliyo karibu nasi ni reli. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Inapita Ihumwa, jirani zetu kabisa. Muziki haukuanza hapo, la hasha. Sisi Wagogo tulikuwa na nyuzi zetu za zeze na vyuma vya marimba, vile ambavyo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alivipeleka hadi ng'ambo. Ila reli ilileta makarani, mafundi, madereva na wapagazi, watu waliokaa mbali na kwao. Mtu aliye mbali na kwao akifa, nani atamzika? Swali hilo ndilo lililozaa vyama vya ngoma.

Kabla ya gitaa kulikuwa na beni, ngoma ya kuiga gwaride na bendi za kizungu, yenye vyama vya Arinoti na Marini vilivyoenea kutoka pwani hadi bara. Watu waliwaona wakicheza na vyeo vyao vya kujipachika, wakawacheka. Kumbe ndani ya mchezo ule walikuwa wakisaidiana katika ugonjwa na misiba. Vijana wa baadaye walipoacha beni na kushika dansi, utaratibu huo wa chama hawakuutupa.

Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Kuanzia 1933 zikatoka santuri za GV zenye muziki wa Cuba, vijana wakazisikiliza mpaka zikachubuka. Morogoro Jazz ikazaliwa 1944. Mjini humohumo Salum Abdallah na wenzake wakaanza La Paloma mwaka 1948, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa Cuban Marimba. Tabora nako kukawa na Tabora Jazz. Hebu zitaje kwa mfululizo: Dar, Morogoro, Tabora. Ni kama unasoma tiketi ya treni!

Nyingi za bendi hizo za mwanzo zilikuwa klabu hasa, zenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wapigaji walikuwa na kazi zao za mchana. Vyombo vilikuwa mali ya klabu, hivyo mpigaji akiondoka aliondoka na vidole vyake tu. Klabu nyingine zilikusanya watu wa kwao mmoja. Western Jazz ya Dar es Salaam ilipewa jina la Jimbo la Magharibi, alikotoka mwanzilishi wake Iddi Nhende, mtu wa Nzega. Kilwa Jazz nayo inajieleza yenyewe.

Faida ya chama ilionekana siku ya msiba. Salum Abdallah alipokufa mwaka 1965, Cuban Marimba haikufa naye. Juma Kilaza aliishika, ikaendelea kupiga. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilibadilishwa jina ikawa JUWATA, kisha OTTU, halafu Msondo Ngoma, ikavuka mpaka karne hii. Mbaraka Mwinshehe kwa upande wake aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, akaunda Super Volcano. Sina ubavu wa kumlaumu. Mtu mwenye kipaji kile angetulia vipi katika vikao vya kujadili bei ya nyuzi? Lakini alipofariki kwa ajali huko Mombasa Januari 1979, Super Volcano haikupata tena nguvu ile. Bendi iliyosimama juu ya mtu mmoja huzikwa naye.

Sasa nirudi kwenye daftari. Klabu ya baba mkubwa ilikuwa ndogo, ya mji mmoja wa reli, na jina lake halimo katika kitabu chochote. Alifanya kazi huko kama fundi. Nilikuta ada za kila mwezi. Nilikuta faini za kuchelewa mazoezi, na jina lake likijirudia hapo kuliko la mtu yeyote! Nilikuta mchango wa sanda, nauli ya kumsindikiza mjane mpaka kwao, na maziwa ya mtoto wa mwanachama aliyelazwa. Nilihesabu mistari. Iliyohusu watu ilikuwa mingi kuliko iliyohusu muziki.

Kurasa za mwisho zinasikitisha. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi iliingia katika uhaba wa kila kitu, sabuni, sukari, sembuse nyuzi za gitaa. Mzee akatusimulia walivyofunga waya za breki za baiskeli, zikawakata vidole. Wanachama wakapungua, vyombo vikauzwa kimoja kimoja kulipa madeni. Likabaki gitaa moja. Kikao cha mwisho kikaandika, kwa mwandiko wa katibu, kwamba baba mkubwa alitunze mpaka klabu itakapofufuka, na kwamba asilikodishe wala kuliazimisha bila idhini ya wanachama.

Basi! Zaidi ya miaka thelathini mtu amekubali kuitwa bahili na watoto wake mwenyewe, kwa sababu ya sentensi moja katika daftari. Wa kumpa idhini walikuwa wametawanyika, wengine wamekufa. Yeye akaendelea kungoja kikao.

Kaka hakushawishika haraka. "Wanachama wamekwisha, klabu imekwisha, hivyo gitaa ni urithi wetu," akasema, na neno lake lina mantiki. Mzee akamjibu kwa upole kwamba bado wako hai watatu, na kwa mujibu wa katiba yao watatu wanatosha kuita kikao.

Kikao kilifanyika pale pale chini ya mbuyu. Wawili hawakuweza kusafiri, wakaongea kwa simu. Wakaamua gitaa libaki Mtumba, lishikwe na vijana wa hapa, kwa masharti ya daftari lilelile. Fundi wa mjini ameziba ufa. Nyuzi nne tumenunua kwa mchango, na kaka ndiye aliyetoa wa kwanza.

Leo ukurasa mpya una majina kumi na moja. Mimi ndiye katibu. Jumamosi iliyopita nilichelewa mazoezi, nikajiandikia faini kwa mkono wangu mwenyewe.