Motisha Imemeza Ari

Ikisemwa kikaoni kwamba walimu wa vijijini wapewe motisha, hakuna anayedhani wataletewa mtu wa kuwatia moyo. Wote wanajua zinazungumzwa fedha, au kitu kinachokaribia fedha: nyumba, posho ya mazingira magumu. Neno tumelitoa kwa Kiingereza, likiwa na maana ya msukumo; huku kwetu likahamia kwenye bahasha. Hata sauti yake imelisaidia. Mwisho wake unafanana na ule wa amsha, endesha na changamsha, vitenzi ambavyo lazima awepo mtu wa pili wa kusukuma. Ni sadfa tu, ila sikio halijui sadfa.

Ndiyo maana ukiuliza kama mtu anaweza kufanya kazi bila motisha, umekwisha kujijibu. Bahasha imo ndani ya swali.

Tunalo neno jingine, ari, na asili yake inashangaza: kwa Kiarabu ni aibu, fedheha. Mwenye ari havutwi na zawadi iliyo mbele. Kuna kitu nyuma yake kinachomchoma. Wenzake watamwacha, watani watamcheka, au atajiona duni hata pasipo wa kumtazama. Yupo atakayebisha kwamba kuepuka aibu nako ni malipo. Abishe, lakini malipo yakishatanuka kiasi hicho, hayatengi tena kitu na kitu.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walitoa utafiti walioufanya kwa watoto wa shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliopenda kuchorea kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora. La pili lilichora, kisha likapewa cheti hichohicho bila kutarajia. La tatu halikupewa kitu. Baadaye, kalamu zilipowekwa tena bila ahadi yoyote, walioahidiwa cheti ndio waliozichezea kwa muda mfupi kuliko wengine. Karatasi ileile, athari mbalimbali! Mimi ningesema kundi la kwanza lilipata ujira na la pili tuzo. Ujira hukubaliwa kabla ya kazi. Tuzo huifuata kazi iliyokwisha kufanyika. Shabiki wa taarabu anayeinuka kumtunza mwimbaji hakumwahidi chochote (ingawa mara nyingi noti ile inamlenga jirani aliyeketi meza ya pili, na hiyo ni habari nyingine).

Neno gumu kuliko yote ni thawabu. Mtu anatoa sadaka usiku, hajulikani, hashukuriwi, na bado anatarajia kulipwa na Mungu. Anayeshikilia kwamba kila tendo lina malipo hapati shahidi bora kuliko huyu. Lakini Waislamu wameweka kando ya thawabu neno ikhlasi, linalotoka mzizi mmoja na halisi: kisichochanganywa na kitu. Adui yake ni ria, kutenda ili uonekane. Ikhlasi haimkatazi mtu kutumaini thawabu. Inamkataza kuichanganya na macho ya watu. Basi swali limehama: si kama malipo yapo, ni kwamba unayangoja kwa nani.

Lugha yenyewe nayo ina shaka zake. Tunasema bure kwa kazi isiyolipwa, na bure hiyohiyo kwa kazi isiyofaa kitu. Labda ndiyo sababu tulihitaji kujitolea, neno lenye heshima zaidi. Siku hizi nalo limeanza kuliwa: kijana mwenye shahada "anajitolea" ofisini kwa nauli tu, akisubiri nafasi ya ajira itangazwe, na hakuna anayemwona mwongo. Waandishi wa vitabu vya saikolojia wangenisikiliza, ningewaomba waiachie motisha bahasha yake, na ule msukumo usiosubiri ahadi ya mtu waurudishie ari.