Paa la Tatu: Nguzo za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Mgeni anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani hachukui muda kuambiwa kwamba msikiti mkuu aliujenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Maelezo hayo si ya uongo, ila yana pengo. Anayesimama chini ya kuba za msikiti huo akainua macho, kazi ya Hasan haioni. Paa analoliona ni la tatu, lililojengwa karibu miaka 100 baadaye na watu waliojua kwamba la pili lilianguka. Ukitaka kuyatofautisha mapaa hayo, ziache kuba kwa muda na uziangalie nguzo.

Anza upande wa kaskazini, ilipo mihrabu. Hapa ndipo ilipo sehemu kongwe ya jengo, ya karne ya 11 au ya 12. Ni chumba cha wastani, kisicho na paa leo. Dari lake lilikuwa bapa, limebebwa na nguzo 9 za mbao zilizopangwa safu tatu, na mihimili ya mbao ilipita juu yake hadi kwenye kuta. Mbao zenyewe zimekwisha kuoza zamani, lakini nafasi zake zimebaki: kwenye kuta yako matundu zilimoingia ncha za mihimili. Juu ya mihimili hiyo waashi waliweka mawe ya matumbawe na zege la chokaa. Dari la namna hii ni zito, na upana wa chumba huamuliwa na urefu wa mti. Ndiyo maana katika nyumba za kale za mawe pwani nzima vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo bila kulemewa. Aliyetaka ukumbi mpana alikuwa na njia mbili tu: kuongeza nguzo, au kuachana na mti.

Hapa ndipo inapofaa kumsoma Ibn Battuta kwa uangalifu. Aliisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema, kisha akasema majengo yake ni ya mbao. Sentensi hiyo imewasumbua wasomaji wengi, maana huyo sultani aliyekuwa mwenyeji wake ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, juu ya jabali linaloitazama bahari. Tukumbuke kwamba msafiri huyo hakuandika akiwa Kilwa. Simulizi zake ziliandikwa Fez na Ibn Juzayy, zikakamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya ziara. Kumbukumbu ya miaka 20 huchanganya bandari na bandari. Hata hivyo asipuuzwe. Watu wengi wa mji waliishi katika nyumba za miti na udongo, na hata msikiti wa Ijumaa ulikuwa umebebwa na mbao kwa vizazi kadhaa. Aliyoyasema yanakosea yakichukuliwa kuwa habari za mji mzima, lakini yana ukweli fulani kuhusu mji huo ulikotoka.

Hasan bin Sulaiman ndiye aliyeamua kuachana na mti. Alitawala mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ilipopitia Kilwa na kuujaza mji mali. Tarikh ya Kilwa, yaani historia ya kale ya wafalme wake, inasema katika ujana wake alikaa Aden miaka miwili akisoma, akaenda kuhiji, kisha akarudi. Huenda aliyoyaona huko yalimpa kipimo kipya cha jinsi msikiti wa mfalme unavyopaswa kuwa. Akauongeza msikiti upande wa kusini kwa ukumbi ulioizidi ile sehemu ya kale mara kadhaa, na ubavuni mwake kikajengwa chumba chenye kuba kubwa. Paa la ukumbi huo lilikuwa la kuba na matao, na nguzo zake zilikuwa kila moja jiwe zima la tumbawe, lililochongwa bila kiungo.

Uchongaji huo unataka maelezo. Waashi wa pwani walitumia matumbawe ya aina mbili. Moja ni jiwe gumu la mwambani, linalovunjwa nchi kavu na kujazwa ukutani pamoja na chokaa. Ya pili ni tumbawe linalokatwa baharini likiwa bichi. Likitoka majini huwa laini, hukubali patasi na kutoa kona kali na nakshi nyembamba, kisha hukauka na kuwa gumu. Mihrabu na vizingiti vizuri vya pwani vimetokana na jiwe hilo. Kulichukua ukafanya nguzo nzima ya ukumbi ni ujasiri mkubwa. Jiwe hilo lina vitundu vingi, na nguzo nyembamba yaweza kubeba mzigo unaoshuka wima lakini isistahimili unaosukuma pembeni. Kuba husukuma pembeni. Dari bapa la mbao hukaa tu juu ya nguzo, ilhali kuba daima hutaka kutanua miguu yake, na pasipo kuta nene au nguzo nono za kuizuia, jengo zima hufunguka.

Likafunguka. Tarikh inasema msikiti ulianguka ukakaa gofu, hadi ulipojengwa upya katika enzi ya Sultani Sulaiman, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Ardhi yenyewe imetoa ushahidi uleule. Neville Chittick, aliyeanza kuchimba Kilwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake katika juzuu mbili mwaka 1974, aliweza kuzitenganisha awamu za jengo, na mabaki ya zile nguzo za jiwe moja yapo palepale msikitini. Peter Garlake, aliyepima misikiti na nyumba za kale za pwani na kutoa kitabu chake mwaka 1966, aliuweka msikiti huu kando ya wenzake, ikaonekana wazi lipi la Kilwa peke yake na lipi la pwani yote.

Waashi wa Sulaiman hawakurudia kosa. Waliufuata ukubwa aliouacha Hasan, lakini nguzo wakazibadilisha kabisa. Wakazijenga kwa vipande vya mawe na chokaa, pembe nane, nene kuliko za awali, zikiungana kwa matao kila upande. Juu ya matao hayo walipanga kuba zikipishana na dari zilizopinda kwa urefu kama nusu ya pipa. Kuba nyingine kwa ndani ni laini, nyingine zimetiwa mifuo inayoshuka kutoka kileleni hadi ukingoni. Ukitazama kwa karibu pale lipu ilipobanduka, utaona siri ya uimara wake: mawe madogo yasiyo na umbo, yaliyozama katika chokaa nyingi. Jiwe moja zuri limeacha nafasi yake kwa mamia ya mawe mabaya yaliyoshikamana. Kwa jicho la mchongaji hilo ni kushuka daraja. Kwa jicho la mjenzi ni maendeleo.

Katika kuandika historia ya jengo kama hili, kila shahidi asomwe kwa kile alichokuwa akikijali. Tarikh, tunayoijua kupitia muhtasari wa mwanahistoria Mreno João de Barros uliochapwa mwaka 1552 na kupitia nakala ya Kiarabu ambayo Sultani Barghash alimpa balozi wa Uingereza John Kirk huko Unguja, inajali nani alimrithi nani, na msikiti unatajwa kwa kuwa ni sifa ya mfalme. Ibn Battuta alijali ukarimu. Anamwita mwenyeji wake kwa lakabu yake, Abu al-Mawahib, yaani mtoa vipawa. Mchimbaji anajali matabaka. Hakuna kati yao aliyekuja kutuambia habari za waashi, lakini nguzo zinawatolea ushahidi wote watatu na kuonyesha ambacho hawakukisema: kwamba kati ya Hasan na Sulaiman kulikuwa na watu waliolichunguza anguko, wakaelewa sababu, wakabuni jibu.

Jambo hilo linabadilisha hata picha ya mji wenyewe. Simulizi za haraka huipandisha Kilwa hadi kileleni wakati wa Hasan, kisha huiteremsha moja kwa moja hadi Wareno walipoivamia mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida. Ni kweli Husuni Kubwa liliachwa mapema. Lakini mji unaoweza kulipia paa zima la kuba katika karne ya 15, na ambao jirani yake, Songo Mnara, ulikuwa ukijaa nyumba za mawe zama hizohizo, haukuwa mji unaokufa. Ulikuwa umeyumba, ukasimama tena.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kazi hiyo haina mwisho, kwa sababu jengo la chokaa hutaka chokaa. Saruji ni ngumu mno kwa ukuta wa matumbawe, huzuia unyevu usitoke na kulipasua jiwe lililo jirani yake. Kwa hiyo fundi ajuaye kupanga magogo ya tanuri, kuchoma matumbawe na kuiacha chokaa ipevuke anahitajika Kilwa leo kama alivyohitajika enzi ya Sulaiman. Na mtembezaji wageni, akifika katikati ya ukumbi, angeweza kuyasema yote kwa maneno machache: ukubwa ni wa Hasan, paa ni la Sulaiman, na elimu iliyolishikilia ni ya waashi ambao hakuna aliyeyaandika majina yao.