Kuokoka, Kiyama na Walokole: Safari ya Maneno Matatu

Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo, aliikuta lugha ambayo tayari ilikuwa na msamiati kamili wa mwisho wa dunia. Kiyama, pepo, jehanamu na hukumu yalikuwa yamekwisha kukaa katika vinywa na tenzi za Waswahili, yakiwa na maana za Kiislamu. Wafasiri waliofuata, akiwamo Edward Steere wa Unguja, hawakuhitaji kubuni mengi. Tatizo lao lilikuwa kwamba neno lililoazimwa huja na jamaa zake. Karl Roehl, ambaye Biblia yake kamili ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 haikumfuata, ikaweka kiyama na ufufuo bega kwa bega, na kuzimu, neno la Kibantu, kando ya jehanamu.

Wokovu ulikuwa na safari nyingine. Kuokoka ni kitenzi cha Kibantu, cha mtu aliyeponea majini au vitani. Kilichokipa uzito mpya si tafsiri, bali uamsho uliovuma kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Uamsho huo ulieneza neno la Kiganda balokole, yaani waliookoka, nacho Kiswahili kikabadili kiambishi tu: walokole. (Ni nadra istilahi ya dini kushuka kutoka bara kwenda pwani.)

Pamoja nalo ilikuja kauli "nimeokoka", na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Kwa wazee wengi wa kanisa, wokovu ulianzia katika ubatizo na kukamilishwa siku ya mwisho. Kusimama mbele ya kusanyiko na kutumia -me- kulionekana majivuno, kana kwamba mtu amejihukumu mwenyewe na kujipa ushindi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, baada ya wafuasi wa uamsho kufarakana na wakuu wa chuo.

Walokole hawakuifuta siku ya mwisho. Waliendelea kuhubiri kurudi kwa Yesu. Ila hukumu waliyoiogopa wengine, wao walihesabu kuwa imekwisha kukutana nao msalabani. Nchini Kenya, katika vita vya Mau Mau vya miaka ya 1950, baadhi yao walikataa kula kiapo na wakauawa.

Siku hizi mlokole hutajwa mitaani hata kwa utani, akimaanishwa mtu yeyote asiyegusa pombe.