Asili ya Taekwondo na Njia Yake Hadi Kibabii

Msomaji, ukisimama Matisi, mtaa ulio kandokando ya mji wa Kitale, kisha ukashika barabara ya kusini ipitayo Kiminini, utaingia katika nchi ya Bungoma, na kabla jua halijapanda sana utaweza kufika Kibabii, penye chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2015. Katika chuo hicho alisoma msichana aitwaye Faith Ogallo, ambaye hapo awali alicheza mpira wa kikapu. Humo chuoni aliuacha mpira akaushika mchezo wa Kikorea uitwao taekwondo, na mwezi wa Februari 2020, mjini Rabat katika nchi ya Moroko, akapata nafasi ya kuiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Kabla yake, Mildred Alango na Dickson Wamwiri walikuwa wameishindania Kenya kwa mchezo huo huko Beijing mwaka 2008.

Yamkini wewe nawe umepata kuwaona vijana waliovaa mavazi meupe wakirusha mateke kwa pamoja na kuhesabu kwa lugha usiyoifahamu: hana, dul, set. Kama uliuliza mchezo ule ulianza lini, huenda uliambiwa kwamba una umri wa miaka elfu mbili. Jibu hilo ndilo linalonishughulisha hapa, maana ni jibu la historia, nalo hudaiwa ushahidi kama jibu jingine lolote.

Ushahidi upo wa namna fulani. Katika makaburi ya ufalme wa kale wa Goguryeo kuna picha zilizochorwa ukutani, zikionyesha watu wawili waliosimama wakikabiliana kama wanaotaka kupigana. Mwaka 1790, kwa amri ya mfalme Jeongjo, kilitungwa kitabu cha mafunzo ya vita kiitwacho Muye Dobo Tongji, na ndani yake mna sura ya kupigana kwa mikono mitupu. Tena palikuwa na mchezo wa wenyeji uitwao taekkyeon, ambao watu waliangushana na kupigana kwa miguu. Mambo haya yote ni ya kweli. Lakini picha ya ukutani haimfundishi mtu teke, na kitabu cha mfalme hakikuwa mikononi mwa waliokuja kuanzisha taekwondo. Mwanafunzi wa historia lazima aulize swali dogo lenye kuudhi: mwalimu alifundishwa na nani?

Hapo ndipo habari inapogeuka. Mwaka 1910 Wajapani waliitwaa Korea, wakaitawala hadi mwaka 1945. Katika miaka hiyo taekkyeon ilififia, ikabaki kwa watu wachache sana. Mmoja wao, Song Deok-gi, aliyezaliwa mwaka 1893, aliihifadhi hata uzeeni mwake. Vijana wa Kikorea waliopata nafasi ya kusoma walikwenda Japani, na huko wakajifunza karate. Lee Won-kuk alifundishwa na Funakoshi Gichin, mwalimu mashuhuri wa karate, kisha akarudi kwao, na mwaka 1944 akafungua shule aliyoiita Chung Do Kwan. Shule nyingine zikafuata. Nyingi ziliuita mchezo wao tangsudo au kongsudo, majina ambayo si kitu kingine ila maandishi ya neno karate yakisomwa kwa Kikorea.

Basi hata mavazi yalitoka huko. Vazi jeupe walilivaa Wajapani, na mkanda mweusi ulikuwa desturi ya judo ya Kano Jigoro tangu karne ya 19. (Ile hadithi kwamba mkanda ulikuwa mweupe ukawa mweusi kwa uchafu wa miaka mingi ya mazoezi ni tamu kusikiliza, lakini ni hadithi.)

Sasa fikiri hali ya Wakorea baada ya mwaka 1945. Walikuwa wamepata uhuru, nchi yao ikagawanyika, na tangu 1950 hadi 1953 wakauana katika vita vikali. Walitaka kitu kilicho chao, nao wakakuta kwamba mapigano waliyoyajua vizuri zaidi waliyapata kwa mtawala. Usiwacheke. Karibu na Webuye pana kilima cha Chetambe, ambapo Wabukusu walijenga boma wakapigana na Waingereza mwaka 1895, wakashindwa kwa silaha za moto. Wajukuu wa wale walioshindwa walikaa katika madarasa wakisoma lugha ya mshindi, nao wakaitumia lugha ile ile kudai uhuru. Mtu aliyetawaliwa hachagui daima shule ya kusomea.

Mwezi wa Aprili 1955 jina jipya lilikubaliwa, na aliyelitetea kuliko wote ni Jenerali Choi Hong-hi, naye pia mwanafunzi wa karate. Tae ni kupiga kwa mguu, kwon ni ngumi, do ni njia. Sikiliza jinsi jina hilo linavyofanana na taekkyeon. Halikuchaguliwa hivi hivi. Hata hivyo halikukaa kwa amani: mwaka 1961 liliwekwa jingine, taesudo, na mwaka 1965 taekwondo likarudi. Choi mwenyewe aligombana na serikali ya Korea Kusini, akahamia Kanada mwaka 1972, akafa Pyongyang mwaka 2002. Mchezo ukagawanyika kama nchi yenyewe, kila upande ukiwa na shirikisho lake. Lile la Seoul, lililoundwa mwaka 1973, ndilo lililoufikisha Olimpiki. Ulionyeshwa kwanza Seoul mwaka 1988, na tangu Sydney mwaka 2000 ukatolewa medali kamili. Kutoka jina hadi medali ni miaka 45 tu. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko ile miaka elfu mbili ya kuazima.

Nami sisemi kwamba taekwondo ni karate iliyobadilishwa jina. Wakati Wajapani wengi walipozuia pigo kabla halijamgusa mwenzi, Wakorea walimvalisha mchezaji kinga ya kifua, iitwayo hogu, wakamruhusu apige kwa nguvu zote. Kinga hiyo iliubadili mchezo wote. Mguu ni mrefu kuliko mkono na una nguvu zaidi, basi miguu ikatawala. Hata pointi zinasema hivyo: kwa kanuni zilizotumika Tokyo, ngumi ilipata pointi moja, teke la kifuani mbili, la kichwani tatu, na teke la kuzunguka lililofika kichwani tano. Mwaka 2016 huko Rio, Cheick Sallah Cissé wa Kodivaa alikuwa nyuma hadi sekunde ya mwisho, akazunguka, mguu ukafika kichwani kwa mpinzani, akawa bingwa.

Teke lenyewe hujengwa polepole. Katika dollyo chagi, goti huinuliwa kwanza, limekunjwa. Kisha unyayo uliobaki chini huzunguka hadi kisigino kielekee kwa mpinzani. Ndipo mguu hukunjuliwa na kupiga kwa juu ya unyayo, na hurudi upesi kabla haujashikwa na pigo la kujibu. Anayeanza hutaka kupiga juu siku ya kwanza, akasahau unyayo wa chini, akaumia goti. Mshindani wa leo huvaa pia kofia ya kinga, kinga za meno, za mikono na za miguu, na soksi zinazowasiliana na hogu ya umeme ili pointi zihesabiwe na mashine. Vifaa hivyo ni ghali, lakini unyayo wa chini unaweza kufunzwa popote penye ardhi sawa.

Tarehe 27 Julai 2021, baada ya Olimpiki kuahirishwa mwaka mzima kwa ugonjwa wa korona, Faith Ogallo aliingia katika ukumbi wa Makuhari, karibu na Tokyo, usio na watazamaji. Alishindwa katika pambano lake la kwanza. Ilikuwa Japani ile ile alikojifunza Lee Won-kuk, mtu wa nchi iliyotawaliwa. Na mwamuzi alipofungua pambano, alitoa amri yake kwa Kikorea.