Rupia ya Wapi, ya Mwaka Gani?

Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani ilivuruga hesabu ya pwani yetu kwa amri moja. Hadi hapo rupia ilikuwa na pesa 64, kama ilivyokuwa Uhindi, na mtu aliyezoea kutumwa dukani Tanga au Pangani hakuhitaji karatasi: nusu rupia pesa 32, robo pesa 16, nusu ya robo pesa 8. Unaendelea kugawa kwa mbili mpaka unabakiwa na pesa moja mkononi. Amri ikasema kuanzia sasa rupia ina heller 100, na rupia 15 ni sawa na mark 20 za Ujerumani. Rupia yenyewe haikuguswa. Kilichobadilishwa ni chenji, na kwa mtu wa kawaida chenji ndiyo fedha.

Mimi ni mwandishi wa programu. Riziki yangu ni mifumo ya mauzo ya maduka ya jumla hapa Ngamiani, Tanga, na historia hii nimeiingia kwa mlango wa kazi. Familia moja yenye duka la tangu enzi za mababu ilitaka madaftari yake yaingizwe kwenye kompyuta, na bei za miaka yote zisomeke kwa kipimo kimoja. Nikaona ni kazi ya kuzidisha na kugawanya tu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na pesa, wa pili heller, na katikati yao hakuna mstari unaosema kitu.

Tuiangalie hesabu yenyewe. Pesa 1 ni heller 1 na 0.5625 juu yake. Hakuna sarafu ya kulipa kipande hicho. Serikali ilipiga sarafu ya nusu heller, lakini ni ya mwaka 1904 hadi 1906 tu. Kwa nusu heller, kiasi kidogo kabisa kinachogeuka bila baki ni pesa 8, yaani heller 12 na nusu. Bila nusu heller lazima ufike pesa 16, ndiyo heller 25. Chini ya hapo mtu mmoja anapunjwa. Mchukue mwenye duka anayeuza kitu cha pesa 1 na sasa anataka heller 2: kwa vitu 64 anapata heller 128 mahali pa 100. Akikubali heller moja na nusu, anapata 96, na mnunuzi ndiye aliyechuma. Kipande cha heller hakina maana kwa tajiri, ila kwa anayenunua mafuta ya taa kidogo kidogo kila jioni, swali la kukadiria kwenye kila bidhaa au mwisho wa mwezi ni swali la chakula. Mwandishi wa programu analijua vizuri sana: jumla iliyokadiriwa mwishoni na jumla ya vipande vilivyokadiriwa kimoja kimoja mara nyingi hazifanani.

Sarafu zenyewe zilisimulia nani anatawala. Pesa ya shaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa mwaka 1890, ilikuwa na tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, maana kampuni ilijua inaingia kwenye soko lenye wasomi wake. Mwaka huo kumbukumbu ya vita ilikuwa bado mbichi: Bushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Heller za serikali zilipokuja, Kiarabu kilikuwa kimeondoka, na baadaye zikaja sarafu nyeupe zenye tundu katikati. Kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898 kwa rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, miaka ya mwanzo wengi waliilipa kwa mazao. Hapo napo palikuwa na mgeuzo, na aliyeamua gunia la mahindi ni rupia ngapi alikuwa mpokeaji.

Sasa nirudi kwenye kompyuta, maana hapa ndipo kazi yangu ilipokwama. Katika programu zinazojengwa kwa klasi na vitu, mtindo uliozaliwa Oslo miaka ya 1960 katika lugha ya Simula ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, kila thamani ina aina yake. Pesa ni aina, heller ni aina nyingine, na huwezi kuzijumlisha mpaka moja igeuzwe. Njia za kugeuza ni kadhaa. Unaweza kuipa Pesa methodi, yaani kitendo chake yenyewe, ya kujigeuza kuwa Heller. Unaweza kuifundisha Heller, kwenye konstrakta yake, yaani sehemu inayoizalisha, kumpokea Pesa na kumtengenezea mwili mpya. Au unamweka mtu wa tatu, klasi ya mgeuzaji, anayewajua wote wawili huku wao hawajuani.

Njia ya kwanza inasomeka vizuri kwenye msimbo, lakini kihistoria ni kichekesho. Pesa iliyopigwa 1890 ingejuaje habari za heller? Kila fedha mpya ikizaliwa ningelazimika kurudi kuifungua klasi ya Pesa na kuiongezea methodi, wakati pesa yenyewe ilishazikwa zamani. Ya pili ndiyo amri ya 1904 hasa: anayekuja ndiye anayetaja masharti ya kumpokea aliyekuwapo. Niliipenda, nikaitumia, na kwa kurasa za Wajerumani ilifanya kazi bila tabu. Hatari yake ni ukimya. Katika C++, kwa mfano, konstrakta yenye kigezo kimoja huitwa kimyakimya, lugha inageuza bila kukuuliza, isipokuwa mwandishi ametumia neno maalumu la kuzuia. Mgeuzo unaopoteza baki haufai kufanyika kimyakimya. Uandikwe waziwazi kwa jina lake, na anayeusoma msimbo aone kwamba hapa kuna kitu kimekatwa.

Kilichonisukuma kwenye njia ya tatu ni kurasa za Waingereza. Waliiteka Tanga Julai 1916, baada ya kushindwa vibaya Novemba 1914. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi, na rupia ikahesabiwa kwa shilingi 2. Ukiitazama kwa macho ya mhasibu ni hesabu safi: rupia moja ni senti 200. Lakini kabla ya vita rupia 15 zilikuwa pauni moja, na sasa rupia 10 tu zinafika pauni. Aliyekuwa na deni la rupia 15 alijikuta anadaiwa shilingi 30, yaani pauni moja na nusu, bila kukopa tena. Walowezi wa Kenya walipiga kelele sana juu ya jambo hili.

Tatizo la daftari langu, hata hivyo, lilikuwa ng'ambo ya mkondo. Duka lile lilikuwa likifanya biashara na Pemba, na Unguja na Pemba ziliendelea na rupia. Rupia ya Uhindi, ambayo ya Zanzibar iliifuata, ilipanda ikashuka, mwaka 1927 Waingereza wakaifunga kwenye shilingi 1 na peni 6, na Zanzibar ilipoingia kwenye shilingi tarehe 1 Januari 1936 kila rupia ilibadilishwa kwa shilingi 1 na senti 50. Kwa hiyo rupia inayotajwa kwenye hesabu za Tanga wakati wa kuhamia shilingi ni shilingi 2, na iliyoteremshwa na jahazi kutoka Wete, Pemba, mwaka 1935 ni shilingi moja na nusu. Jina moja, mwandiko mmoja, daftari moja. Hakuna konstrakta inayoweza kukisia. Kiwango si mali ya rupia wala si mali ya shilingi. Ni mali ya siku na mahali. Nikafuta methodi zote za kujigeuza, nikabaki na mgeuzaji mmoja anayedai vitu vitatu: kiasi, mwaka, mji. Ukimnyima kimoja, anakataa kazi.

Mwaka 1966 ulionekana mwepesi. Tarehe 14 Juni Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango, shilingi yetu ikachukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki, moja kwa moja. Namba haibadiliki, basi vijana wengi wangeacha aina ileile. Mimi nimeitenga. Mkopo ulioandikwa 1960 kwa mteja wa Mombasa ulikuwa wa shilingi yetu sote; leo nenda Horohoro mpakani na noti ya elfu moja ya Kenya na ya kwetu, uone kama zinafanana.

Fedha nikaimaliza. Vipimo ndivyo vilivyonishinda, na sitadanganya kuwa nimevimaliza. Daftari limejaa pishi na vibaba, vibaba vinne kwa pishi. Nilimwendea bibi mmoja wa Pangani aliyeuza nafaka ujanani, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza pishi ni kilo ngapi. Akaniangalia kama mtu aliyepotea njia. "Pishi ya nini, mwanangu? Ya mfuto au ya kilele?"

Alikuwa sahihi kwa pande zote mbili. Pishi ni ujazo, kilo ni uzito, na mtama hauna uzito wa mchele. Halafu kuna mkono wa muuzaji: mfuto umepitishiwa kijiti juu ukawa sawasawa, kilele kimeachwa kipande. Kamusi zinasema pishi ni karibu pauni 6, na frasila karibu 35, lakini hiyo "karibu" ilikuwa ndiyo faida ya duka. Pishi na kilo hazigeuki bila mtu wa tatu anayejua ni nafaka gani na ilipimwaje.

Na pishi haijafa. Kila Ramadhani inapokaribia kwisha, misikiti ya Tanga hutangaza zaka ya fitri: pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, ile saa, kipimo cha Kiarabu chenye mudi nne, kama pishi yenye vibaba vinne. Masheikh huigeuza kuwa kilo za mchele, na utasikia kilo mbili na nusu kwa huyu, kilo tatu kwa yule anayetaka tahadhari. Mteja wangu aliomba mfumo umhesabie hiyo pia kwa watu wa nyumba yake. Nimemwekea sehemu tupu ya kujaza mwenyewe uzito aliousikia msikitini kwake, na programu haina jibu la kuanzia.